Mchekeshaji wa televisheni anabaki na nini kipindi kikiisha?

Mleta uzi (Makorora, Tanga)

Wana jamvi, salaam kwenu nyote.

Nimeanzisha uzi huu kwa ajili ya vijana wanaorekodi vichekesho hapa Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Pongwe, kwa sababu wengi wao wana kipaji kinachoonekana wazi lakini hawajapata mtu wa kuwaeleza jinsi kazi hii inavyoanza, inavyokomaa na inavyomwacha mtu. Hoja yangu ni moja, nami naomba tujadili hiyo. Mchekeshaji wa vichekesho vifupi vya televisheni hauzi sauti kama mwimbaji wala hauzi hadithi kama mtunzi wa riwaya. Mtaji wake ni mhusika aliyemjenga kwa mwili wake mwenyewe, yaani mwendo, lafudhi, jicho, vazi na jina analoitiwa mtaani. Vipindi huja na kuondoka, vituo hubadili ratiba, mitambo hubadilika, lakini mhusika akibaki mikononi mwa aliyembuni, kazi inaendelea. Akitoka mikononi mwake, kazi imekwisha hata kama watu bado wanacheka.

Naanza na mtu wetu. Amri Athumani, ambaye nchi nzima ilimjua kama Mzee Majuto na baadaye King Majuto, alizaliwa hapa Tanga mwaka 1948, akaanza kuigiza akiwa bado mtoto mwishoni mwa miaka ya 1950, na hakuacha kuonekana hadi alipofariki katika Hospitali ya Taifa Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Hiyo ni takriban miongo sita ya kazi moja. Alipoanza, Tanganyika ilikuwa haijapata uhuru na Bara hapakuwa na televisheni. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1994 ndipo vituo binafsi kama ITV vikaanza kurusha matangazo. Kwa hiyo televisheni haikumtengeneza Majuto, bali ilimkuta ameshaiva. Baada ya hapo zikaja kanda za video, zikaja VCD zilizouzwa stendi na sokoni, zikaja filamu na matangazo ya biashara, na kila chombo kipya kilipofika kilimhitaji yeye kuliko yeye alivyokihitaji chenyewe.

Siri iko wapi? Mwangalieni wakati hasemi. Mwenzake anaeleza jambo refu, pengine anamdanganya, naye Majuto ametulia, kichwa kimeinama kidogo upande, midomo inaanza kusogea kabla neno halijatoka, na mtazamaji anacheka kwa sababu amekwisha kuliona jibu linakuja. Mzee yule mbahili, mkali, mwenye hila ndogondogo za kutaka kula asichokilipia, alikuwa mtu tuliyemfahamu kutoka barazani kwetu. Tena hakubadilisha lafudhi ili afanane na watu wa Dar es Salaam. Alizungumza kama mtu wa Tanga, na Bukoba walimwelewa, na Songea walimwelewa. Jambo hili naliona kubwa sana, kwa maana leo nawasikia vijana wa Duga wakijilazimisha kuzungumza kama watu wa Sinza, na lafudhi ile ya kuazima inawanyang'anya nusu ya ucheshi wao.

Sasa tuje kwenye asili ya tatizo, yaani mhusika kumtoka mikononi aliyembuni. Vichekesho vya nchi hii vilikua jukwaani, katika maonyesho ya vikundi vya sanaa kama Muungano na baadaye TOT (Tanzania One Theatre), ambamo usiku mmoja mtazamaji alipata ngoma, sarakasi, igizo, muziki na kichekesho kikiwa kipengele chake kamili. Wasanii walikubaliana mkasa kwa mdomo nyuma ya pazia: wewe ni mume, wewe ni mgoni, wewe ni mwenye nyumba, tutaishia hapa. Yaliyobaki yalizaliwa mbele ya watu. Utaratibu huo uliwapa wachekeshaji wetu wepesi wa akili ambao sijauona kwa waigizaji wanaosoma mwongozo ulioandikwa. Lakini pia ulileta mazoea ya kutokuwa na karatasi yoyote. Hakuna mwongozo, hakuna jina la mtunzi, hakuna makubaliano ya nani anamiliki nini. Televisheni ilipofika na karatasi zake, mwenye kalamu akawa ni upande mmoja tu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa kundi la Ze Comedy. Katikati ya miaka ya 2000 vijana wale, akina Joti, Masanja Mkandamizaji, Mpoki, Wakuvanga, Mac Regan na Vengu, wakiongozwa na Seki, waliteka nchi kupitia kituo cha EATV kwa vichekesho vya dakika chache chache, ikiwemo ile taarifa ya habari ya kuigiza iliyowafanya watu waahirishe safari. Walipohamia TBC1, televisheni ya taifa, ukazuka mgogoro juu ya jina, na mwisho wake wasanii wakaonekana kwa jina jingine, Orijino Komedi. Tazameni kilichotokea kwa watazamaji: hawakulifuata jina la kipindi, waliwafuata wahusika. Joti alikuwa Joti kote alikokwenda, awe amevaa kama mtoto wa kike au kama babu aliyepinda mgongo. Masanja alibaki Masanja hata alipoingia katika uimbaji wa Injili na mahubiri. Jina la kipindi lilikuwa na mgogoro, majina yao hayakuwa nao, na hicho ndicho kilichowaokoa.

Nawasilisha, na naomba michango yenye uzito.

Mkazi wa Barabara ya 12, Ngamiani

Mleta uzi, heshima yako kaka. Nimesoma yote na nakubaliana na historia, ila sikubaliani na pale ulipoweka uzito. Karatasi haijawahi kumchekesha mtu. Vijana wetu hawajafika hatua ya kuibiwa mhusika kwa sababu wengi wao hawana mhusika. Wana wigi, wana tumbo la mto, wana kelele. Kichekesho kinaanza kwa kofi, kinaendelea kwa kofi na kinaishia mtu akikimbia, na ukiuliza mtu yule ni nani, anataka nini, anaogopa nini, hakuna anayejua.

Kichekesho kifupi kina mifupa yake. Kwanza pawe na hali ya kawaida ambayo kila mtu anaitambua, kwa mfano mpangaji na mwenye nyumba siku ya kodi. Pili pawe na jambo moja tu lililopinda, si matatu. Tatu jambo hilo likue kila mara linaporudi, likizidi kumbana mhusika hadi asiwe na pa kutokea. Nne kiishe mahali kilipofika juu kabisa, kabla hakijaanza kushuka. Haya yote yafanyike ndani ya dakika tatu au nne. Majuto na Sharo Milionea walipokutana, hali ilikamilika kabla hawajafungua mdomo: huku mzee wa pwani aliyeshika mambo ya zamani, kule sharobaro mwenye suruali ya kubana, miwani na maringo. Hawakuhitaji kofi. Tofauti yao ilitosha kuendesha kisa chote.

Mungu amrehemu Hussein Mkieti, ndiye Sharo Milionea mwenyewe. Alipata ajali ya gari hapo Muheza tarehe 26 Novemba 2012, akiwa ndiyo kwanza nchi imeanza kulizoea jina la Sharo Milionea, na sisi wa mkoa huu hatujapata bado kijana mwingine aliyejenga mtu kamili kwa muda mfupi namna ile.

Mhitimu wa sanaa, Bagamoyo

Naomba niingie hapo kwa mchangiaji wa Ngamiani. Nilisoma hapa Bagamoyo, kwenye taasisi ambayo ilianza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981 na tangu mwaka 2007 inaitwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na ninachoweza kuongeza ni kuhusu tofauti ya jukwaa na kamera, kwa kuwa wengi huhama kutoka kimoja kwenda kingine bila kubadilisha chochote.

Jukwaani unamchezea mtu wa safu ya mwisho. Mkono unapaa, sauti inapaa, mshtuko unatumia mwili mzima, nawe unasubiri kicheko kipungue ndipo useme neno linalofuata. Kamera haikupi kicheko cha kusubiri. Iko karibu na pua yako, na ukipandisha nyusi kama ulivyofanya jukwaani unaonekana mtu anayelazimisha. Tulifundishwa zoezi ambalo hadi leo nawafanyisha wanafunzi wangu: kaa kwenye kigoda, pokea habari mbaya kwa simu, nasi tusiisikie habari yenyewe. Hairuhusiwi kusema zaidi ya neno "ndiyo". Aliye na mhusika atawapa watu dakika mbili za kicheko kwa jinsi anavyotafuta mahali pa kuweka mkono usioshika simu. Asiye na mhusika ataanza kulia kwa kelele baada ya sekunde kumi.

Jambo la pili ni uchovu, ambalo halizungumzwi. Kipindi cha nusu saa kila wiki kinataka vichekesho vitano au sita vipya. Hesabu mwaka mzima. Mwanamuziki akipata wimbo mmoja mzuri anauimba miaka ishirini na watu wanashangilia zaidi; mchekeshaji akirudia kichekesho kilekile wiki ya pili anaambiwa ameishiwa. Hii ndiyo sababu vipindi vya namna hii hudhoofika baada ya misimu michache hata pale ambapo wasanii ni wazuri, na ndiyo sababu namuunga mkono mleta uzi: kisa kinaungua mara moja, mhusika ndiye unayeweza kumtumia tena.

Mama wa Chumbageni

Wanangu, naomba mnipokee. Mmetaja majina mengi na karibu yote ni ya wanaume. Mimi nina binti anayechekesha kuliko kaka zake wote, na naandika kwa sababu yake.

Kikundi cha maigizo cha Kaole kilipokuwa ITV, Bi Hindu alikuwa nguzo. Alipoingia na mtandio wake na ile namna yake ya kumtazama mtu kutoka unyayoni hadi utosini, hakuna mwanamume aliyebaki na sauti. Kenya nako, katika kipindi cha vichekesho cha Vitimbi cha KBC, Mama Kayai alisimama sambamba na Mzee Ojwang kwa miaka mingi, na ukimwondoa yeye, Mzee Ojwang anabaki hana wa kumdanganya wala wa kumwogopa. Kwa hiyo si kweli kwamba wanawake wa Afrika Mashariki hawachekeshi. Ninachokiona ni kwamba vikundi vya sasa vikihitaji mama mkwe, shangazi au mke mwenye wivu, mwanamume huvaa dera na kufunga kilemba, na kazi ikaisha hapo. Sisemi Joti asivae dera, maana anavaa kwa ufundi na nampenda. Nasema nafasi ile ilikuwa mlango wa binti yangu kuingilia, na mlango umefungwa na mwanamume aliyevaa dera. Naye akiomba kuingia anaambiwa acheze mke anayelia pembeni.

Nauliza pia kwa dhati: mrekodi anapotaka kurekodi saa sita usiku kwenye nyumba ya mtu nisiyemjua, mimi mzazi nimwambie binti nini?

Mleta uzi

Mama yangu, shikamoo, na ahsante kwa kufungua upande ambao sikuugusa. Nitakujibu kwanza wewe. Mwambie binti asiende peke yake, na kikundi kisichokubali aje na ndugu au rafiki si kikundi cha kazi. Kurekodi usiku kuna sababu zake, hasa kukwepa kelele za bodaboda na mwangaza unaobadilikabadilika, lakini mahali na saa ya kumaliza vinaweza kutajwa mapema na kuandikwa. Kuhusu nafasi, nashauri asisubiri kuitwa na kikundi cha watu wengine. Aanzishe chake na wenzake wawili au watatu, amjenge shangazi yake mwenyewe. Shangazi wa Kidigo aliyetoka shamba na kukuta mjini mtoto wa kaka yake anapika tambi kwa mume akiita chakula cha usiku, hakuna mwanamume atakayemcheza vizuri kuliko mwanamke aliyelelewa naye.

Ndugu yangu wa Ngamiani, umesema kweli kuhusu mifupa ya kichekesho, na sina ninachokipinga hapo. Ila nakuomba utazame mwaka 2018. Majuto alikuwa na mhusika kamili, aliyejaribiwa kwa miongo, anayejulikana na watoto wa chekechea. Hakukosa ufundi hata chembe. Hata hivyo, wakati anaugua, mikataba yake ya matangazo ya biashara ikawa jambo la kuzungumzwa kitaifa, hadi waziri aliyekuwa na dhamana ya sanaa wakati ule, Dkt. Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Ikiwa mtu mwenye jina kubwa kiasi kile alifika uzeeni mikataba yake ikiwa bado inahitaji kamati, hatuwezi kuwaambia vijana wasubiri wawe wazuri kwanza ndipo wajali karatasi. Mambo haya mawili yanakwenda pamoja tangu siku ya kwanza. Naandika haya kwa uchungu kwa sababu mji huu ulimpenda, ulimzika, kisha ukarudi kwenye shughuli zake bila kujifunza jambo ambalo maisha yake yalituonyesha.

Mimi mwenyewe nilicheza kwenye kikundi kimoja cha hapa mjini zama za VCD. Tulirekodi mchana kutwa, tukapewa pilau na nauli, na kipande cha daftari chenye saini zetu kikabaki kwa mwenye kamera. Kazi ile iliuzwa hadi Mombasa. Nilikuwa nikiisikia ikichezwa kwenye mabasi niliyopanda kwa nauli yangu, na abiria wakinitambua.

Kijana wa Muheza

Shikamooni wakubwa zangu. Sisi ni wanne, tunarekodi kwa simu na kuweka mtandaoni, na mhusika wetu mmoja, mganga feki anayeogopa paka, amependwa kiasi. Mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi ametaka tumtumie mhusika huyo kwenye tangazo lake. Anatoa fedha mara moja, na karatasi aliyotuletea inasema tangazo na mhusika vitakuwa vyake "kwa matumizi yote". Fedha yenyewe kwetu ni kubwa. Tufanyeje?

Mhitimu wa sanaa, Bagamoyo

Mdogo wangu, usisaini maneno hayo. Tangazo lile moja linaweza kuwa lake. Mganga si wake, hata akiongeza fedha mara mbili. Mwombe abadilishe sentensi hiyo moja tu, uone atakavyoitikia.

Mleta uzi

Marahaba mwanangu. Nampa heshima aliyetangulia kwa jibu fupi na sahihi, nami naongeza kwa urefu kidogo kwa kuwa swali lako ndilo lililonifanya nianzishe uzi.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, inamtambua mwigizaji na kumpa haki ya kukubali au kukataa onyesho lake lirekodiwe na litangazwe. Lakini ukishakubali kwa saini, unachobaki nacho kinategemea sana kile kilichoandikwa kwenye karatasi uliyosaini. Kwa hiyo karatasi ya huyo bwana itaje mambo haya: ni tangazo lipi hasa, lina urefu gani, litaonekana wapi, yaani redioni, kwenye televisheni, mtandaoni au kwenye mabango, na kwa muda gani. Muda ndio moyo wa jambo. Miezi sita au mwaka mmoja, kisha akitaka kuendelea alipe tena. Iandikwe pia kwamba jina la mhusika, vazi lake na misemo yake vinabaki kuwa mali ya kikundi, na kwamba hamzuiwi kumtumia kwenye vichekesho vyenu vya kawaida. Ikiwa anaogopa mtatangaza duka la mshindani wake siku inayofuata, hiyo ni hofu ya haki, basi mkubaliane kwamba kwa muda wa mkataba hamtatangaza duka jingine la vifaa vya ujenzi, na hilo nalo lina bei yake.

Kabla ya kusaini, ninyi wanne muandikiane kwanza. Nani alimbuni mganga? Nani anamcheza? Mmoja akiondoka, je, anaondoka na mganga au mganga anabaki? Vikundi vingi vinavunjika kwa jambo hili kuliko kwa njaa, na ni rahisi kulizungumza sasa mkiwa marafiki.

Jina lenyewe la mhusika mnaweza kulisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kama alama ya biashara au huduma. Usajili wa kwanza unadumu miaka 7, kisha unahuishwa kwa vipindi vya miaka 10, na unahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina mamlaka yake. Hakikisheni kwanza hakuna mwingine aliyekwisha kulisajili. Vichekesho mlivyokwisha kurekodi vipelekeni COSOTA, na mtunze faili za awali pamoja na tarehe zake, msitegemee zilizoko mtandaoni pekee kwa sababu akaunti hufungwa na simu hupotea.

Kijana wa Muheza

Nashukuru sana mzee wangu, na dada wa Bagamoyo pia. Mganga alibuniwa na mwenzetu ambaye hachezi, yeye hushika simu na kurekodi, na kusema kweli hatukuwahi kufikiria kwamba anastahili kuandikwa. Tunakutana kesho jioni wote wanne kabla ya kwenda kwa mfanyabiashara.

Mkazi wa Barabara ya 12, Ngamiani

Muandikeni wa kwanza huyo. Na mganga asiogope paka tu kila siku. Mpeni sababu ya kumwogopa.